Mama Nyuma ya Mstari Mwekundu

Dirisha la ofisi yangu linatazama milima. Waliojenga jengo hawakunifikiria mimi. Walitaka ukuta wa pili ubaki mtupu kwa ajili ya mabomba na mitambo ya kupoza hewa, basi dirisha likaangukia upande wa Uluguru. Kila asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, nasimama pale na kikombe cha chai ya rangi nitazame wingu limekaa wapi. Likiwa juu kabisa, najua nyumbani kumekucha vizuri na watu wako kwenye matuta. Likishuka mpaka kiunoni mwa mlima, najua kule nyuma kunanyesha, na mama yangu amekaa jikoni anamenya kitu huku akilalamikia kuni mbichi. Mgeta haionekani kutoka mjini. Iko nyuma ya migongo kadhaa ya mlima, na barabara yake ni ndefu kuliko inavyostahili. Lakini mtu akikaa na hamu muda mrefu huanza kuona hata kisichoonekana.

Kazi yangu pale chuoni ni kulea sumaku. Nasema kulea kwa sababu sijapata neno linalofaa zaidi. Ni sumaku kubwa iliyo ndani ya chombo cheupe, kirefu kuliko mtu, kilichosimama kwa miguu mitatu katikati ya chumba kisicho na kitu kingine. Ndani yake kuna waya uliozamishwa kwenye heliamu iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi ambayo hata kileleni kwetu hakuna mtu aliyewahi kuiota. Nje ya heliamu kuna naitrojeni, nayo baridi, inayoilinda ile ya ndani. Ubaridi ukipungua, waya unapata joto, heliamu inachemka yote kwa mpigo na kutoka kama mvuke, na sumaku inakufa. Kwa hiyo haizimwi kamwe. Haijui Krismasi, haijui Idi, haijui kwamba nyumbani kwako kuna msiba. Kila wiki lazima mtu aje kuijaza naitrojeni, awe na homa au asiwe nayo.

Tunachotia humo ni kimrija chembamba cha kioo chenye matone machache ya protini. Sumaku inazipanga chembe zake, sisi tunazigutusha kwa mawimbi ya redio, zinajibu, na katika majibu hayo tunatafuta umbo la molekuli yenyewe, wapi imejikunja na wapi imeacha mlango. Kwa muda mrefu sasa nahangaika na protini moja ya maharage ya milimani, ile inayowafanya wadudu watoboe gunia la jirani na kuliacha la kwetu. Maharage hayo yalitoka shambani kwa mama. Wenzangu wa kigeni wanaosoma matokeo yangu hawalijui hilo, na sioni sababu ya kuwaambia.

Sakafuni, kuzunguka chumba cha sumaku na kutokeza hadi kwenye korido, tumechora mstari mwekundu. Chuma hakivuki mstari huo. Fundi rangi mmoja aliwahi kuingia na kingazi kidogo bila kuuliza. Kikamtoka mkononi, kikaenda kujibandika kwenye sumaku, na watu wazima wanne tulishinda tukikivuta kwa kamba. Alihama mtaa, nadhani. Lakini hatari kubwa zaidi si ngazi. Mlangoni tumebandika picha ya moyo uliokatwa kwa alama nyekundu ya kukataza, kwa sababu watu waliowekewa kile kifaa kidogo cha kusaidia mapigo, kile ambacho mitaani huitwa betri ya moyo, hawaruhusiwi hata kukaribia. Sumaku inaweza kukivuruga kifaa, kikasahau kazi yake.

Sumaku tunailea wawili. Mwenzangu ni fundi mitambo, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya mnadani, Mnyamwezi. Mimi ni Mluguru. Makabila yetu yana utani tangu enzi za misafara, na asiyejua utani huo ni kitu gani nimweleze kwa kifupi: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua mkungu wako wa ndizi akaondoka nao, na msibani kwako anaweza kujilaza kaburini akagoma kutoka, na wewe huruhusiwi kununa. Tangu siku ya kwanza mtani wangu huyu ananiuliza mguu wangu upi ni mfupi, maana Waluguru, anasema, huzaliwa tayari kwa mteremko. Mimi nina hasira za karibu. Nimezirithi upande wa mama, kama vitu vyote kwetu, ukoo na shamba pia. Lakini kwake nimejifunza kucheka, kwa sababu sina ruhusa ya kufanya kingine.

Kabla ya sumaku hii, niliishi miaka saba ugenini nikijifunza kazi yenyewe, katika nchi yenye giza la saa tisa alasiri. Sitaisimulia sana. Nilikuwa na chumba, baiskeli, na mashine iliyofanana na hii ya sasa. Nilichokuwa sina ni mtu wa kumwambia shikamoo. Kuna siku nilimwamkia bibi mmoja pale kituo cha basi, kwa Kiswahili, kwa sababu tu mvi zake zilikaa kama za shangazi yangu. Alinitazama kwa wema akapanda basi lake.

Jumapili nilikuwa nampigia mama. Yeye baada ya misa alipanda mpaka kwenye jiwe lililo juu ya shamba la jirani, ambako mtandao unashika, akakaa kusubiri. Tuliongea habari za njegere, za mbuzi wa maziwa, za nani amezaa na nani amemkimbia mumewe. Kisha lazima aulize.

"Hiyo kazi yako, mwanangu, ni kazi gani hasa? Watu wananiuliza."

"Natazama vitu vidogo, mama."

"Vijidudu?"

"Vidogo kuliko vijidudu."

"Sasa unavionaje?"

"Sivioni. Navisikia, kama kwa redio."

Baada ya wiki chache nikapata habari kwamba mama ameitangazia jumuiya nzima kuwa mwanawe anafanya kazi redioni Ulaya, na kwamba kuna mzee mmoja anayekesha akizungusha kitufe kutafuta sauti yangu. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kwelikweli, peke yangu katika kile chumba, kwa sababu nilitambua kuwa mama yangu hana hata picha moja kichwani ya mahali ninapoamkia. Alikuwa amenitoa, na hajui amenitoa kwa kitu gani.

Niliporudi na chuo kikapata sumaku yake, neno langu la kwanza kwake lilikuwa, "Mama, uje uone." Akasema atakuja. Mwezi ule njegere zikawa tayari. Mwezi uliofuata kukawa na msiba, kisha goti, kisha mbuzi anakaribia kuzaa. Nilianza kukasirika. Nilijiambia amenikasirikia kwa miaka ile yote, hataki kukitazama kilichoninyang'anya kwake, na mimi nikiwa Mgeta mwisho wa mwezi nilikuwa nikimwuliza kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumtolea mzazi: "Kwani unaogopa nini?" Yeye anachochea moto tu. "Nitakuja," anasema. "Sumaku yako haina miguu, haitakimbia."

Miguu inayo, mitatu, lakini sikumwambia.

Basi siku moja ya kiangazi, saa mbili asubuhi, akanipigia simu kwamba yuko mjini. Alikuwa ameteremka na lori la karoti, amekaa mbele na dereva kama mheshimiwa. Mimi nilikuwa nimefungwa na kazi, nimeanza kujaza naitrojeni na siwezi kuiacha katikati. Nikamwomba mtani wangu achukue gari la maabara amfuate. Nilimwambia mama yangu ni mtu mzima, awe na adabu. Akaniapia kwa miungu yote ya Unyanyembe kwamba hatakuwa nayo.

Niliyoyasikia baadaye ni kwamba walianza pale pale sokoni.

"Shikamoo, mtani!"

"Marahaba, mtumwa wangu. Nani amekukata kamba?"

"Nimeambiwa kuna Mluguru anateremka kufia mjini, nikaja na jembe."

"Chimba la kwako kwanza. Kwa kitambi hicho utachimba siku nzima."

Walikuja wakitukanana njia nzima, na waliposhuka getini mama alikuwa amechangamka kama msichana. Mtani amebeba kikapu chake, ndani yake njegere, matunda damu, pichesi na chupa ya asali, na ameshamega pichesi moja bila kuomba, kama ilivyo haki yake.

Kwenye chumba cha kwanza, kabla ya korido, kila mgeni lazima avue chuma. Nilikuwa ndani na mtungi wa naitrojeni, sikuona, lakini mtani amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa ni kama nilikuwepo. Mama aliketi kwenye benchi akaanza kutoa. Zikatoka pini tatu zilizoshikilia khanga. Ikatoka rozari. Ukatoka ufunguo wa kasha, kwenye kamba shingoni. Ukatoka ule wa chumba cha mbegu. Kikatoka kisu kidogo cha kukatia mboga, kilichofungwa kwenye kitambaa, akasema hicho ni cha njiani. Zikatoka sarafu kwenye pindo la khanga, na kibanio cha nywele, na mwisho kabisa ndoano ya samaki, ambayo hata yeye hakuweza kueleza. Meza ikajaa. Mtani akasema ukoo mzima wa Waluguru ungekuwa na silaha hizi, Mjerumani asingefika Kilosa.

Kisha mama akaitazama ile picha mlangoni.

"Na huo moyo umekatwa kwa nini?"

"Hiyo? Wenye betri moyoni hawaingii, mtani. Kwani wewe moyo unao?"

"Wangu una betri siku nyingi."

"Ndiyo maana hamfi nyinyi! Tunasubiri kuzika, tunachoka!"

Wakacheka wote wawili. Mtani akafungua mlango wa korido.

Mimi nilikuwa ndiyo natoka chumba cha sumaku, nimevaa glavu kubwa za ngozi na miwani ya plastiki, nikamwona mama yangu ameshika korido, miguu mitupu, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa na vifungo vya chuma. Moyo ulinijaa. Siwezi kueleza vinginevyo. Nilikuwa nimeisubiri picha ile tangu kwenye chumba cha ugenini: mama anatembea kuelekea kwenye sumaku yangu. Alikuwa anaangalia kuta, taa, mabomba ya darini, kwa utulivu wa mtu anayekagua shamba la mwenzake. Mtani nyuma yake akanipigia kelele tangu mbali.

"Mama yako anasema ana betri kifuani! Nimemwambia ndiyo maana kila mwaka tunaahirisha matanga!"

Nikacheka. Nikamwangalia mama ili tucheke pamoja.

Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshusha macho, anautazama mstari mwekundu, na ulikuwa hatua chache mbele ya vidole vyake. Mkono wake wa kulia umeinuka kidogo, umekaa chini ya bega la kushoto, pale khanga inapokatiza. Namjua mama. Kwenye utani kila mtu hucheka, na yeye hucheka kuliko wote. Na hapo, kwa mkupuo, nikayakumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaona na kuyapita: kwamba tangu nirudi hajitwishi mzigo kwa mkono wa kushoto. Kwamba simu anaiweka sikio la kulia tu, na ikiisha anaitupa mbali kitandani. Kwamba nikilala kwake huoga kabla sijaamka.

"Mama, simama hapo."

Akasimama. Nikamwuliza kwa Kiluguru, ili yabaki yetu, kama ni kweli. Akajibu kwa Kiswahili, akimtazama mtani.

"Si nimeshamwambia mwenzako. Yeye ndiye hakusikia."

 Mdomo wa mtani ulibaki wazi, na kipande cha pichesi kikiwa bado shavuni. Maskini, alikuwa amefanya kosa ambalo lingemkuta yeyote aliyelelewa vizuri: mtani akisema jambo, hulishiki. Ukilishika wewe ndiye mpumbavu. Kila mgeni mwingine angemwuliza mara mbili, akamweleza, akamkodolea macho. Mtani wake hakuweza. Na mama alilijua hilo, mtu mzima yule. Alisema kweli mahali pekee ambapo kweli haina uzito, kisha akaendelea kutembea.

Nilifoka. Sikumbuki vyote nilivyosema, nakumbuka tu kwamba mwangwi wa korido ulinirudishia sauti yangu na haikuwa nzuri. Ni nani anajua? Mjomba wako. Mjomba anajua, mimi sijui? Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, angeacha kujua? Tangu lini? Tangu ulipokuwa kule. Mama alikuwa ameanza kuanguka shambani, akaanguka tena kanisani, mjomba akampeleka Dar, wakamwekea. Na mimi nikaikumbuka wiki ile. Aliniambia yuko Dar kumtembelea ndugu. Nilifurahi. Nilimwambia aende Kariakoo ajichagulie kitenge kizuri, apumzike, ale samaki.

"Nilikula," mama akasema. "Samaki nilikula."

Mtani akaleta kiti cha plastiki, akakiweka mbali na mstari, karibu na mlango, akamsaidia mama kuketi. Hakutania. Kisha akaenda kusimama nje, ambako nilimwona kupitia kioo akijifuta uso na leso.

"Basi nisogee kidogo tu," mama akasema. "Nione hata mguu wake."

"Haiwezekani."

"Nimetoka Mgeta."

"Mama, itakuua."

"Kidogo tu, mwanangu. Nikisikia vibaya narudi."

Sijapata kukataa kitu kwa uchungu namna ile. Mlango wa chumba cha sumaku ulikuwa wazi, lakini unafunguka kwa pembeni, na kutoka pale alipoketi alichoweza kuona ni ukuta mweupe na kipande cha bomba. Nilimpigia picha ya sumaku kwa kamera ya plastiki tunayoitumia humo, nikamletea. Akaitazama kwa heshima akanirudishia. Picha alikuwa ameziona nyingi. Nilimtumia picha miaka saba.

Ndipo nikakumbuka kwamba majibu ya molekuli yanaweza kusikika. Hatufanyi hivyo kwa kawaida, hayana faida kwetu, sisi tunataka mistari kwenye skrini. Lakini ukiyapitisha kwenye spika, sikio la binadamu linayapata. Nilivuta waya kutoka kwenye kompyuta, ambayo iko kwenye chumba kidogo cha pembeni, ng'ambo ya mstari, nikauburuta mpaka kwenye korido, nikaweka spika chini ya kiti chake, mbali vya kutosha na kifua. Kimrija cha protini ya maharage kilikuwa tayari ndani ya sumaku. Nikarudi mbio kwenye kompyuta, nikabonyeza.

Ni mlio mfupi. Unaanza kwa nguvu, unafifia kama kengele ya kanisa ukiwa umeshavuka mto.

"Nini hiyo?" akaita kutoka korido.

"Maharage yako!" nikajibu kwa sauti. "Ile protini yake. Na maji. Kusema kweli zaidi ni maji."

"Rudia."

Nikarudia. Akasema rudia. Nikarudia tena na tena, yeye ameketi peke yake kwenye korido, mimi nimeketi peke yangu mbele ya skrini, tumetenganishwa na ukuta na mstari, na kila mara naambiwa rudia. Mwisho nikashindwa kubonyeza kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nikatoka, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. Nilikuwa bado na glavu moja.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungerudi."

"Ndiyo, ningerudi!"

"Basi umejijibu."

"Kwani hukutaka nirudi?"

 Akazitengeneza khanga zake, zilizokuwa zinamponyoka kwa kukosa pini.

"Mtoto huyu na maswali yake," akasema. "Nilitaka kila siku. Jumapili nakaa juu ya lile jiwe, najiambia leo namwambia. Nimeshapanga na maneno. Kisha wewe unaanza, mama leo sumaku imefanya hivi, mama leo sumaku imefanya vile, sauti yako inakuwa ile ya utotoni. Nikiisikia, nanyamaza. Nikasema, ngoja siku moja nitaiona hiyo sumaku, nijue nilinyamazia nini."

  Nilitamani wakati ule nimbebe mgongoni nipite naye kwenye mstari, kama alivyonibeba yeye kwenye njia za makonde yetu, na sumaku ichemke au ife, isitufanye kitu. Nilitamani miaka ile irudi, hata mmoja, hata ule mbaya kuliko yote. Badala yake nilimuuliza kama anataka chai.

Hakutaka kulala. Mbuzi, alisema. Alikunywa chai, akala wali kwenye kantini ya chuo akiwakosoa wapishi kwa sauti, akarudishiwa vyuma vyake kimoja kimoja, na alasiri tukampeleka kwenye gari la Mgeta. Mtani ndiye aliyemshika mkono kupanda ngazi za basi, maana mimi nilikuwa nagombana na kondakta kuhusu kiti cha dirishani. Basi likaondoka. Tulirudi chuoni, na siku mbili nzima mtani hakuniuliza habari ya mguu wangu mfupi. Siku ya tatu nikamwomba aniulize.

Tangu hapo mlangoni tuna utaratibu mpya: mtani hamhoji mtani wake. Akija Mluguru, namhoji mimi. Wageni kutoka nje huona ni jambo la ajabu, na hakuna anayewaeleza.

Jumapili ya pili yake mjomba alinipigia simu. Ni mtu wa maneno machache, simu yake huwa ni ya msiba au ya mahari, hivyo nilishtuka. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Alikuwa ametoka kwenye jumuiya, akasema, na mama yangu amewasimulia watu habari za sumaku hadi chakula kikapoa. Amewaambia ni kubwa kama nyumba ya mbegu na inang'aa. Amewaambia aliizunguka pande zote akaweka kiganja.

"Sisi hapa tunabishana," mjomba akasema. "Mama yako namjua tangu utoto, anapenda kutia chumvi. Anasema ulimshika mkono mlangoni, mkaingia wote, na hukumwachia mpaka mlipotoka. Kweli hiyo?"

Sikuwa nimemshika. Siku ile nzima mikono yangu ilikuwa kwenye mtungi, kwenye glavu, kwenye waya, kwenye kibao cha kompyuta, na alipoondoka nilikuwa nimempa mgongo.

"Kweli, mjomba," nikasema. "Hajatia chumvi. Nilimshika."